Hakuna Marefu Yasiyo na Ncha: Kuhusu Urefu wa Kipindi cha Mwisho cha M*A*S*H

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kuagana na mgeni ni shughuli yenye hatua zake. Mgeni huomba ruhusa ya kwenda angali ameketi, naye mwenyeji humjibu kwamba bado ni mapema. Husimama, akaketi tena kidogo kwa heshima, kisha akasimama kabisa. Husindikizwa hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi langoni, kutoka langoni hadi barabarani. Na mara nyingi maneno yasemwayo njiani huwa mazito kuliko yale yaliyosemwa wakati wa chai. Hakuna alalamikaye kwamba kuagana huko kumekuwa kurefu, maana inafahamika kwamba aliyeondoka bila kusindikizwa ni kama aliyefukuzwa. Hata hivyo, desturi hii nayo ina kipimo chake. Mwenyeji aanzaye kisa kipya, kisichohusiana na ziara yenyewe, ilhali mgeni ana mguu mmoja ndani na mwingine nje, humchosha mgeni wake na kujivunjia heshima.

Tofauti hii baina ya kusindikiza na kuanza upya ndiyo inayopasa kutangulizwa linapojadiliwa swali ambalo halijaacha kuulizwa tangu mwaka wa 1983: Je, kipindi kilichofunga mfululizo wa televisheni wa Kimarekani uitwao M*A*S*H ni kirefu kupita kiasi? Kipindi hicho, "Goodbye, Farewell and Amen", kilionyeshwa na shirika la CBS usiku wa tarehe 28 Februari 1983. Kilichukua saa mbili na nusu pamoja na matangazo ya biashara, na takriban saa mbili matangazo yakiondolewa. Vipindi vya kawaida vya mfululizo huo vilitengewa nusu saa tu. Kwa hivyo, watazamaji wa usiku ule waliagana na wahusika wao kwa muda ambao ungetosha vipindi vitano.

Yafaa historia ya kazi yenyewe ikumbukwe kwa ufupi. M*A*S*H ni herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la hospitali ya jeshi ya upasuaji, ile inayohamishwa kuufuata mstari wa mapigano. Chanzo chake ni riwaya ya Richard Hooker iliyochapishwa mwaka wa 1968, ambayo ilizaa filamu ya Robert Altman ya mwaka wa 1970, nayo filamu ikazaa mfululizo wa televisheni uliobuniwa na Larry Gelbart na kuanza tarehe 17 Septemba 1972. Mandhari yake ni kambi nambari 4077 katika Vita vya Korea, ambamo madaktari huishona miili ya vijana ili vijana hao warejeshwe kule walikojeruhiwa. Vita vyenyewe vilianza tarehe 25 Juni 1950, vikasimamishwa kwa mapatano ya tarehe 27 Julai 1953. Mfululizo uliovisimulia uliendelea kwa misimu 11. Yaani, vita vya miaka mitatu na mwezi mmoja vilisimuliwa kwa muda uliozidi mara tatu ya muda wa vita hivyo. Anayelalamikia urefu wa tamati hana budi kukubali kwamba urefu ulikuwa desturi ya kazi hii tangu zamani.

Yapo majibu mawili mepesi kwa swali letu. La kwanza ni la kibiashara: tangazo moja la sekunde 30 katika usiku ule liliuzwa kwa takriban dola 450,000, na kwa bei kama hiyo ni shirika gani lisilotamani usiku uwe mrefu? La pili ni la mapenzi ya hadhira: watu wapatao milioni 106 walikitazama kipindi hicho, karibu nusu ya wakazi wote wa Marekani wakati huo, na rekodi hiyo haikuvunjwa nchini humo hadi mchezo wa Super Bowl wa Februari 2010. Majibu haya mawili ni ya kweli, lakini hayatoshi. Bei ya tangazo haielezi kwa nini tukio fulani likae mbele ya macho kwa dakika kumi badala ya tano. Wala wingi wa watazamaji si hoja ya kihakiki, kwani arusi hujaa watu hata pilau isipoiva.

Wahakiki wengine hukimbilia kwa Aristotle. Katika Poetics, mwanafalsafa huyo aliukadiria urefu wa msuko kwa uwezo wa kumbukumbu ya hadhira: msuko uwe mrefu, mradi uweze kushikika akilini ukiwa kitu kimoja. Kipimo hiki kinaifaa tamthilia ianzayo na kwisha mbele ya hadhira ileile katika kikao kimoja. Mfululizo wa televisheni ni utanzu wa namna nyingine. Baadhi ya kazi za utanzu huu zina swali moja kuu, na tamati yake ni jibu. Hivyo ndivyo ulivyokuwa mfululizo wa The Fugitive, uliofungwa tarehe 29 Agosti 1967: daktari aliyehukumiwa kwa kosa la kumuua mkewe anamtafuta mtu wa mkono mmoja, na akishapatikana mtu huyo hakuna la ziada la kusimuliwa. M*A*S*H haikuwa na swali la aina hiyo. Kila mtazamaji alijua kuanzia kipindi cha kwanza kwamba vita vile vilikoma mwezi wa Julai 1953. Taharuki ya "nini kitatokea" haikuwapo, na mahali pake palikuwapo swali la "wataondokaje". Swali la namna hiyo halijibiwi kwa tukio moja. Hujibiwa mtu kwa mtu, na wahusika wakuu wa kambi ile walikuwa saba.

Msomaji wa tenzi za kale za Kiswahili hatalishangaa jambo hili. Aghalabu kisa kikiisha utenzi hauishi. Mtunzi huomba dua, hutaka radhi kwa makosa yake, hutaja jina lake, pengine pia tarehe na idadi ya beti. Kwa atafutaye msuko peke yake, beti hizo ni mkia usio na kazi. Kwa aujuaye mkataba uliopo baina ya mtunzi na hadhira yake, beti hizo ndizo zimrejeshazo msikilizaji kutoka medani ya vita hadi kwenye mkeka alioketi. Kwa hivyo, haitoshi kusema kwamba hadithi imekwisha na kazi ingali inaendelea. Inapasa kuulizwa muda huo wa ziada unafanya kazi gani.

Wanaodai kwamba kipindi kile ni kirefu mno wana ushahidi wenye nguvu ndani ya mfululizo wenyewe. Tarehe 18 Machi 1975 kilionyeshwa kipindi cha "Abyssinia, Henry", ambamo mkuu wa kambi, Luteni Kanali Henry Blake, aliyeigizwa na McLean Stevenson, anaruhusiwa kurudi nyumbani. Kuna karamu, kuna mizaha, kuna saluti na kumbatio penye helikopta. Kisha, katika onyesho la mwisho, karani Radar anaingia katika chumba cha upasuaji na kusoma habari kwamba ndege ya Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, na kwamba hakuna aliyenusurika. Waigizaji wengi walifichwa ukurasa huo hadi dakika za mwisho kabla ya kupigwa picha. Tangazo lenyewe halifiki dakika moja. Chombo kinasikika kikianguka sakafuni, na madaktari wanaendelea kushona kwa sababu majeruhi wangali mezani. Kwa nusu saa moja Gelbart na wenzake walipata tanzia ambayo, kwa maoni ya wengi, tamati ya mwaka wa 1983 haikuifikia kwa saa mbili.

Hoja hii ni nzito, lakini inalinganisha vitu viwili visivyofanana. "Abyssinia, Henry" ni tamati inayoletwa na vita, na vita havimpi mtu nafasi ya kuaga. Ufupi wake ndio maana yake. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa msimu wa nne, daktari Trapper John aliondoka kambini bila hata kuacha barua; rafiki yake Hawkeye Pierce akamkimbilia hadi uwanja wa ndege na kukuta ndege imekwisha ruka. Tangu hapo mfululizo ulibeba vidonda viwili: mmoja aliagwa kisha akafa, na mwingine akaenda bila kuaga. "Goodbye, Farewell and Amen" ni tamati inayoletwa na kusimama kwa vita, na tunda la kwanza la utulivu ni kwamba watu wanapata wasaa wa kuagana. Kuufupisha wasaa huo kwa kufuata kipimo cha mwaka wa 1975 kungekuwa kuwanyima wahusika kitu chenyewe walichopata.

Ikiwa urefu una haki kwa jumla, haifuati kwamba kila dakika ina haki. Hapa ndipo uchambuzi unapopaswa kushuka hadi kwenye matukio yenyewe. Kipindi kinaanza Hawkeye akiwa tayari katika hospitali ya wagonjwa wa akili, chini ya uangalizi wa daktari Sidney Freedman. Mtazamaji hajui amefikaje huko. Kwa mbinu rejeshi anaonyeshwa safari ya basi baada ya siku ya mapumziko ufuoni. Kwanza Hawkeye anakumbuka chupa ya pombe ikipitishwa kwa furaha kutoka mkono hadi mkono. Baadaye kumbukumbu inajisahihisha, na chupa inakuwa ya plazima kwa ajili ya majeruhi. Anakumbuka kwamba basi lilisimamishwa na kuzimwa taa kwa sababu adui alikuwa karibu, kwamba kuku wa mama mmoja Mkorea alikuwa akipiga kelele, na kwamba yeye, Hawkeye, alimfokea mama huyo amnyamazishe. Mama akamnyamazisha. Mwishowe Hawkeye anakiri kwamba yule hakuwa kuku. Alikuwa mtoto mchanga, na mama yake alimziba pumzi hadi akafa.

Onyesho hili linakwenda polepole, na haliwezi kwenda kwa namna nyingine. Kumbukumbu inakuja imevaa mavazi ya uongo, vazi juu ya vazi, na kila vazi lazima livuliwe mbele ya mtazamaji. Kama mtazamaji angeambiwa habari za mtoto kwa sentensi moja, kama alivyoambiwa habari za Blake, angepata mshtuko na asingepata ugonjwa. Tena, vicheko vya kurekodiwa ambavyo CBS ililazimisha vitiwe katika vipindi vya kawaida havimo katika kipindi hiki. Vicheko vile vilikuwa vikiupima muda kwa niaba ya mtazamaji, vikimwonyesha wapi pa kupumua. Vilipoondolewa, kila kimya kikawa kirefu kuliko kilivyo kwa saa. Yamkini sehemu ya malalamiko kuhusu urefu ni malalamiko ya hadhira iliyonyang'anywa vicheko vyake.

Kutokana na onyesho la basi chapatikana kigezo cha kuyapimia matukio mengine: Je, tukio hili linachukua nini, na linakichukua kutoka kwa nani? Daktari Charles Emerson Winchester anakutana na wanamuziki watano wa Kichina waliojisalimisha, akawafunza kwa ukali na kwa mapenzi kuicheza kazi ya Mozart ya klarineti. Wanamuziki hawa ni wageni kabisa katika hadithi, na kwa kanuni ya kijuujuu ni kisa kipya kilichoanzishwa mlangoni. Lakini wanapopelekwa kubadilishwa na wafungwa wengine, wote wanauawa; wa mwisho wao anarudishwa kambini akiwa mahututi na kufia hapo. Winchester anaivunja sahani ya santuri ya muziki uleule. Muziki, uliokuwa kimbilio lake pekee dhidi ya vita, sasa umekuwa ukumbusho wa vita. Kasisi Mulcahy anakimbia kuwafungulia mateka waliofungiwa huku makombora yakianguka, akapoteza uwezo wa kusikia. Kazi yake imekuwa kusikiliza maungamo ya watu. Klinger, ambaye kwa miaka mingi alivaa nguo za kike ili aonekane mwendawazimu na kurudishwa kwao, anamwoa Soon-Lee na kubaki Korea ili amsaidie kuwatafuta wazazi wake. Kinaya hiki kisingekuwa na uzito wowote bila ile miaka 11 iliyokitangulia. Matukio yote haya yanatimiza kigezo: kila mhusika anaondoka akiwa amepungukiwa na kitu.

Tukio lisilokitimiza ni moto. Mnamo Oktoba 1982 moto wa nyika uliteketeza mandhari ya kambi iliyojengwa katika milima ya Malibu, California, nao waandishi wakaamua kuutia katika hadithi: mabomu yanawasha vichaka, kambi inafungashwa na kuhamishwa. Mtu aweza kuwatetea kwamba mahali napo panastahili kuagwa. Lakini moto huo haumchukulii mhusika yeyote kitu ambacho hakikwisha chukuliwa. Uliingia kutoka nje, kwa mkono wa ajali, wala haukuota kutoka kwenye msuko. Waandishi walikuwa wanane, akiwamo Alan Alda, aliyekuwa pia mwelekezi na mwigizaji wa Hawkeye; na chungu chenye wapishi wengi hukosa mtu wa kusema kwamba maji yametosha. Hapo, na si kwenye machozi ya kuagana, ndipo mkasi ulipostahili kupita.

Mfano bora wa urefu wenye kazi ni ule wa B.J. Hunnicutt. Daktari huyu aliletwa kuziba pengo la Trapper John, na kwa hivyo alirithi deni la kwaheri ambayo haikusemwa. Katika kipindi hiki anapata ruhusa ya kwenda nyumbani, anaondoka Hawkeye akiwa hospitalini, anafika hadi Guam, kisha anarudishwa. Anaondoka mara ya kwanza bila kuaga, sawasawa na mtangulizi wake. Hata siku ya mwisho hawezi kulitamka neno lenyewe. Anazunguka, anatania, anakwepa, huku Hawkeye akimbana alitamke. Mwishowe Hawkeye anapanda helikopta, na kutoka angani analiona neno hilo la Kiingereza la kuagana limepangwa kwa mawe ardhini. Ni neno moja tu. Anayelisifu neno hilo kwa ufupi wake, papo hapo akiyalaani yaliyotangulia kwa urefu wake, hajatambua kwamba mawe yale yamepata uzito wao kutokana na muda wote ambao neno lilikataa kutoka kinywani.

Hata hivyo, kuna lawama moja dhidi ya kipindi hiki isiyoweza kujibiwa kwa urahisi, nayo inahusu urefu kwa njia ambayo walalamikaji wengi hawaitaji. Madaktari wa Kimarekani wanaagana kwa saa mbili. Mama wa kwenye basi hana jina. Tunamwona kwa dakika chache, kupitia kumbukumbu ya mtu mwingine, na baada ya mwanawe kufa hatujui aliteremkia wapi. Maombolezo yake yamegeuzwa kuwa ugonjwa wa Hawkeye, na ugonjwa huo ndio unaopewa daktari, kitanda na wasaa. Wanamuziki wa Kichina wanauawa mahali ambapo kamera haikwenda. Wazazi wa Soon-Lee hawapatikani kabla ya tamati. Vita vile viliua Wamarekani kwa makumi ya maelfu na Wakorea wanaokadiriwa kwa mamilioni. Lakini katika kipindi hiki waliokuwa kwao ndio wasioagwa na mtu. Ikiwa wasaa wa kuaga ni tunda la utulivu, basi tunda hilo limegawanywa kwa upendeleo. Kipindi si kirefu kupita kiasi. Ni kirefu upande mmoja.

Kwa haki, watungaji wanaonekana kuihisi aibu hiyo. Ndiyo sababu wamemweka mama yule mwanzoni, kabla ya karamu na makumbatio, ili kila kwaheri ifuatayo isikilizwe na mtu ambaye amekwisha kumwona mtoto asiye na kwaheri. Na ndiyo sababu katika onyesho la mwisho la upasuaji redio inatangaza kusimamishwa kwa mapigano na kusoma gharama za vita, huku majeruhi wapya wakiendelea kulazwa mezani. Kuhisi, lakini, si sawa na kulipa. Kati ya dakika zilizotumiwa kuwasha moto na kuuhamisha umati wa wanajeshi, chache zingeweza kumfuata mama yule hadi kituo chake cha kushukia. Kipindi kisingekuwa kifupi zaidi, na huenda malalamiko kuhusu urefu wake yangepungua.

Wahenga walisema kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Mfululizo wa M*A*S*H ulipata ncha yake tarehe 28 Februari 1983, na wengi walioitazama walilia wakaenda kulala. Vita ulivyovisimulia havijapata ncha ya namna hiyo: mapatano ya Julai 1953 yalisimamisha mapigano tu, na mkataba wa amani baina ya pande zile haujawahi kutiwa saini. Helikopta inapopaa, kamera inaondoka pamoja na Hawkeye, nayo mawe yanabaki chini. Huko chini, katika nchi isiyoonyeshwa tena, Klinger na Soon-Lee wangali wanawatafuta wazee wawili.